Udaktari wa Mpakani: Njia za Udahili kwa Watahiniwa wa Busia na Malaba

Kuomba nafasi ya kusomea udaktari ukiwa Busia au Malaba ni kuomba katika nchi mbili. Kijana wa Malaba mwenye alama nzuri za sayansi anaweza kuvuka mpaka kwa miguu asubuhi, akapanda gari ambalo Wakenya huliita matatu na Waganda huliita teksi, akapita Tororo na kuingia Mbale kabla ya adhuhuri. Huko, tangu 2013, Chuo Kikuu cha Busitema kinafundisha madaktari kwa kushirikiana na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbale. Akielekea upande wa Kenya hadi Eldoret, kwenye Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya mafunzo, safari inakuwa karibu maradufu. Watu wake wenyewe wako pande zote mbili: Wateso wa Amagoro na wa Tororo ni jamii moja, na Wasamia wametenganishwa na Mto Sio, si na lugha wala ukoo.

Katika kuchagua kati ya pande hizo mbili, familia nyingi hukosea mpangilio wa maswali. Barua ya kuitwa chuoni ikifika, swali la kwanza nyumbani huwa ni karo, la pili malazi, na la leseni huja mwishoni, pengine baada ya miaka mitano. Ingefaa kuanza na leseni. Daktari hafanyi kazi kwa shahada tu. Hufanya kazi kwa kibali cha baraza la nchi anayotibu, na baraza hilo lina masharti yanayoanzia kwenye cheti cha sekondari.

Hapo zamani swali hili halikuwepo. Elimu ya udaktari ilianza Makerere mwaka 1924, na kwa zaidi ya miaka arobaini Mkenya aliyetaka kuwa daktari bila kuondoka Afrika Mashariki alikwenda Kampala. Baada ya reli kufika mji huo mwaka 1931, safari yake ilipita Malaba na Tororo. Kati ya 1963 na 1970 Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilikuwa sehemu za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na shahada ilikuwa ya eneo zima. Nairobi ilifungua shule yake ya udaktari mwaka 1967. Chuo kikuu cha pamoja kilipovunjika, kila nchi ikajenga mfumo wake wa mitihani, wa udahili na wa leseni. Mpaka ambao wazazi wa Busia walikuwa wameuzoea kama soko ukawa pia mpaka wa vyeti.

Kwa upande wa Kenya, mlango mkuu ni KUCCPS, huduma ya serikali iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuwapangia wanafunzi nafasi katika vyuo vikuu na vyuo vya kati. Mtu akiwa na C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anaweza kuingia chuo kikuu, lakini hawezi kuingia udaktari. Kima cha chini cha shahada ya utabibu na upasuaji ni alama ya wastani ya B, pamoja na B katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Neno hilo la mwisho linastahili kuangaliwa. Kiswahili kina uzito sawa na Kiingereza hapa, na mtahiniwa wa Nambale au Port Victoria ambaye Kiingereza kimemwangusha anaweza kuinuliwa na A ya Kiswahili. Walimu wachache mno huwaeleza wanafunzi jambo hili wakiwa bado Kidato cha Pili.

Kutimiza kima cha chini ni jambo moja, na kupata nafasi ni jambo jingine kabisa. Nafasi hugawiwa kwa pointi za klasta, ambazo kilele chake ni 48. Umbo la hesabu yenyewe si gumu. Pointi za masomo manne ya klasta hujumlishwa na kugawanywa kwa 48. Pointi za masomo saba bora hujumlishwa na kugawanywa kwa 84. Sehemu hizo mbili huzidishwa, hutafutwa kipeuo cha pili, kisha jibu huzidishwa kwa 48. Mwenye B kila somo, yaani pointi 9, anapata 36. Mwenye B+ kila somo anapata 40. Mwenye A- kila somo anapata 44. Katika hesabu halisi KUCCPS hutia pia uzito wa alama ambazo herufi haizionyeshi, ndiyo maana wawili wenye herufi zinazofanana hutofautiana kwa desimali. Lakini picha iko wazi: kima cha chini kinakaa kwenye 36, ilhali udaktari katika vyuo vikuu vya umma vinavyogombewa zaidi hukatwa juu ya 40. Kati ya namba hizo mbili wapo vijana wengi sana wanaoambiwa na karatasi kwamba wanafaa, na kuambiwa na mfumo kwamba hakuna nafasi.

Kwa mtahiniwa wa Busia vyuo vilivyo karibu ni Masinde Muliro cha Kakamega, Maseno, Moi cha Eldoret, na kwa wenye uwezo wa kulipa chuo cha binafsi, Uzima cha Kisumu. Mpangilio wa machaguo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Anayeandika udaktari wa Nairobi katika kila nafasi ya juu bila kuangalia namba ya mwisho iliyoingia mwaka uliotangulia anaacha chaguo lake lipotee, kwa kuwa mfumo hauhesabu hamu wala ndoto, unahesabu pointi. Awamu ya marekebisho hufunguliwa kwa waliokosa, lakini nafasi za udaktari huwa zimekwisha hapo, na kinachobaki ni kozi za afya zilizo jirani: uuguzi, famasia, maabara, afya ya jamii. Baadaye hufunguliwa pia dirisha la kuhama kutoka chuo kimoja hadi kingine, na huko nako lazima mwombaji awe amefikia pointi za kozi anayoitaka. Hakuna anayeingia udaktari kwa kupitia dirishani.

Kilicho kigeni katika mfumo huu, ukilinganishwa na wa nchi nyingine, ni kwamba hakuna anayemwona mwombaji. Mfano mzuri wa mfumo tofauti ni Australia. Huko alama za kumaliza sekondari ni kipande kimoja tu. Wanaotoka shule moja kwa moja hufanya mtihani wa uwezo wa kufikiri unaoitwa UCAT ANZ, uliochukua nafasi ya UMAT mwaka 2019, kisha wanaofaulu huitwa kwenye mahojiano ambako hupelekwa kituo hadi kituo, kila kituo kikiwa na kisa na mhojaji wake. Wenye shahada nyingine huomba kwa njia tofauti. Zaidi ya hayo, vyuo vina njia maalumu kwa waliokulia vijijini, kwa hoja kwamba aliyekulia mbali na jiji ana uwezekano mkubwa wa kurudi kutibu huko. Wapo pia wanaopewa nafasi za masharti, ambao tangu mabadiliko ya 2020 hudaiwa miaka mitatu ya kazi katika maeneo yenye upungufu wa madaktari.

Si kila kitu cha Australia kinafaa kuigwa, na mahojiano yenyewe yanaweza kuwa mlango wa upendeleo kama hayasimamiwi vizuri. Mtihani mmoja wa kitaifa una haki yake: mtoto wa mchuuzi wa samaki wa Sio Port na mtoto wa waziri husahihishwa kwa kalamu moja. Lakini hoja ya vijijini inagusa Busia moja kwa moja. KUCCPS hutazama jinsia, ulemavu na maeneo yaliyoachwa nyuma, bila kuuliza kama mwombaji ana nia ya kurudi kutibu alikotoka. Kaunti yenye vituo viwili vikubwa vya mpaka, ambako malori ya Mombasa, Kampala, Kigali na Juba hulala usiku, inahitaji madaktari wanaoijua. Mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa korona kabla ya kuvuka, foleni ilitambaa kilomita nyingi kutoka Malaba kuelekea Bungoma, na maabara ya KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, iliyoko Alupe, mahali palipojulikana zamani kwa hospitali ya ukoma, ikageuka tegemeo la eneo zima.

Fedha hubadilisha kila kitu. Tangu 2023 Kenya imetumia mpango mpya wa kugharamia vyuo vikuu, ambapo mwanafunzi huwekwa katika moja ya madaraja matano kulingana na hali ya familia, na gharama ya kozi kugawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na mchango wa nyumbani. Udaktari ni miongoni mwa kozi ghali zaidi, hivyo hata asilimia ndogo ya mchango wa nyumbani huwa fedha nyingi kwa familia ya mkulima wa muhogo. Mahakama Kuu iliutangaza mpango huo kuwa kinyume cha Katiba mnamo Desemba 2024, na suala likapelekwa kwenye rufaa. Kwa familia inayopanga miaka sita ya karo, sheria inayobadilika katikati ya safari ni mzigo wa pekee. Wapo wanaotumia njia ya kujilipia ambayo Nairobi ilianza 1998, na ambayo watu huiita parallel hadi leo. Huko kima cha chini kinaweza kutosha, lakini ada hulipwa yote kutoka mfukoni.

Sasa upande wa pili wa forodha. Uganda haipimi kwa KCSE. Mwanafunzi wake husoma miaka saba ya msingi, minne ya sekondari ya chini na miwili ya juu, kisha hufanya mtihani wa UACE. Herufi A huko ni pointi 6, na kila kozi ya chuo huyapanga masomo katika matabaka. Kwa udaktari wa Makerere, Biolojia na Kemia ni masomo ya lazima na huzidishwa kwa tatu. Somo la tatu, kama Fizikia au Hisabati, huzidishwa kwa mbili. Mwenye A tatu anapata 18 na 18 na 12, yaani 48, namba ileile ya kilele cha KUCCPS. Juu yake huongezwa vipande vidogo, na wasichana katika vyuo vya umma huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza 1990. Uganda pia hutenga nafasi za serikali kwa mgawo wa wilaya, jambo linalokaribia ile hoja ya Australia.

Miaka nayo ina siri yake. Mganda hukaa shuleni miaka 13 kabla ya chuo kikuu, na udaktari wake ni wa miaka 5. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4, wenye miaka minane ya msingi na minne ya sekondari, hukaa miaka 12, na udaktari wake ni wa miaka 6. Jumla ni 18 na 18. Kwa hiyo Mkenya mwenye KCSE akiingia moja kwa moja kwenye udaktari wa miaka 5 wa Uganda, kuna mwaka mmoja unaokosekana, na mabaraza huuona. Hiyo ndiyo sababu matokeo ya KCSE lazima yalinganishwe na UNEB, bodi ya mitihani ya Uganda, na ndiyo sababu ya maswali yote kuhusu kozi za mwaka mmoja za kuziba pengo. Familia kadhaa za mpakani hukwepa swali hilo mapema kwa kumpeleka mtoto kusoma kidato cha tano na cha sita katika shule za Tororo au Mbale. Njia hiyo ni ndefu kwa miaka miwili, lakini humpa mtoto cheti ambacho vyuo vya Uganda vinakifahamu bila tafsiri.

Vyuo vya udaktari vya Uganda si haba: Makerere, Mbarara, Gulu, Busitema, Soroti, na vya binafsi, miongoni mwao kampasi ya Ishaka ya Kampala International University, ambayo kwa miaka mingi imepokea Wakenya. Mwombaji wa Kenya anapopokea barua kutoka chochote kati ya hivyo, anapaswa kuisoma kuanzia mwisho. Kwanza aangalie iwapo chuo kinatambuliwa na NCHE, baraza la elimu ya juu la Uganda, na iwapo kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa. Pili, iwapo kitivo kimo katika orodha ya vyuo vinavyokubaliwa na KMPDC, baraza la madaktari la Kenya. Mabaraza ya madaktari ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja, na matokeo ya ukaguzi huo yanaweza kubadilika mwaka hadi mwaka: kitivo kilichokosa walimu wa anatomia au vitanda vya kutosha vya wagonjwa kinaweza kuzuiwa kupokea wanafunzi wapya. Tatu, na hili ndilo linalowaumiza wengi, Baraza la Kenya hutazama pia alama za sekondari za anayerudi. Mwenye C+ aliyepewa nafasi ng'ambo anaweza kusoma miaka mitano, akafaulu kila mtihani, kisha akarudi na kukutana na B ile aliyodhani ameikwepa. Baada ya hapo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nayo huombwa kuitambua shahada. Hatua hizi zote zinaweza kuulizwa kwa barua kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Viongozi wa Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu Mei 2017, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kazi Julai 2010, huwapa wanafunzi haki ya kuvuka na kukaa kwa kibali cha mwanafunzi. Ni hatua nzuri, na kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili Februari 2018, kimefupisha safari yenyewe. Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Hata hivyo kitambulisho ni cha safari, hakitoshi kwa miaka mitano ya masomo, na kibali cha mwanafunzi huombwa katika idara ya uhamiaji ya Uganda kwa barua ya chuo. Mwanafunzi pia ataishi kwa fedha mbili. Karo ikitajwa kwa shilingi za Uganda au kwa dola, mzazi anayelipa kwa shilingi za Kenya hubeba hatari ya kubadilika kwa bei ya sarafu. Wanaobadilisha fedha barabarani Malaba hujua bei ya leo. Bei ya muhula wa tano hakuna aijuaye.

Mahali penye watu wengi wanaovuka hapakosi madalali. Wapo wanaoahidi nafasi ya udaktari kwa ada ya haraka, au kulinganishwa kwa cheti bila kufika ofisini. Chuo halali hupokea ada kupitia akaunti yake ya benki, na hutoa namba ya udahili ambayo mzazi anaweza kuithibitisha kwa kupiga simu au kufika mwenyewe. Kutoka Malaba hadi Mbale ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hakuna sababu ya kumwamini mtu mwenye mkoba badala ya ofisi ya msajili.

Njia nyingine, ambayo haipewi heshima inayostahili, inaanzia palepale Busia. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kina kampasi mjini, na mtandao wa KMTC nchini ulianza 1927. Diploma ya utabibu wa kliniki huchukua miaka mitatu, ikifuatwa na mwaka wa uanagenzi, na alama zake za kuingia ziko chini mno ya zile za udaktari. Afisa wa kliniki ndiye anayekutana kwanza na mgonjwa katika Hospitali ya Kocholya, Alupe na zahanati za Teso na Samia. Baadhi ya vyuo vikuu huwapokea kwenye udaktari wenye diploma waliofanya vizuri. Kijana aliyepata B- na anayependa kazi hii kwa dhati anaweza kufika kwa mgonjwa mapema kuliko mwenzake anayengoja mwaka baada ya mwaka kurudia mtihani.

Baada ya shahada, popote ilipopatikana, kuna mwaka wa uanagenzi katika hospitali zilizoidhinishwa. Hapo ndipo mfumo wa Kenya ulipokwama. Makubaliano ya 2017 kati ya serikali na madaktari, yaliyofuata mgomo wa siku 100, yaliweka mshahara wa daktari mwanagenzi kuwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ilipotaka kulipa 70,000, madaktari waligoma kuanzia Machi hadi Mei 2024, na wahitimu wengi wakakaa nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali. Makubaliano mengine yalifikiwa Desemba mwaka huo. Mwombaji anayepiga hesabu ya miaka anapaswa kuujumuisha mwaka huu, pamoja na miezi ya kungoja.

Hesabu zote hizi zinabadilika. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 itafanywa 2027. Wanafunzi wa mtaala wa umilisi waliingia shule ya upili ya juu Januari 2026, na wa kwanza kuhitimu humo mwaka 2028 watakuwa na miaka sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini na mitatu ya juu, jumla 12 kama zamani. Mkondo wa sayansi huchaguliwa wakati wa kuingia Gredi ya 10, kwa hiyo uamuzi kuhusu udaktari, ambao mtahiniwa wa 8-4-4 aliufanya akiwa ameshika matokeo mkononi, sasa unafanywa miaka mitatu kabla. Mtoto wa Malaba aliyemaliza Gredi ya 9 bila kushauriwa kuhusu Kemia na Biolojia anaweza kuwa amefunga milango ya Eldoret na Mbale kwa pamoja, kabla hajajua kwamba ilikuwa wazi.